Leica IIIf: filamu inagoma kushuka. Ulimi ukatwe vipi?

mono_tanga

Wakuu, habari za leo.

Naomba msaada kwa wanaozijua renjifainda za zamani (kamera zenye kifaa cha kupimia umbali), hizi zinazofunguka kitako tu badala ya mgongo. Kamera ni Leica IIIf. Filamu ni Ilford HP5 Plus ya fremu 36, imeingizwa kama ilivyotoka kwenye kopo lake, haijakatwa kitu.

Filamu ya kwanza imesafishwa na imetoka wazi, hakuna picha hata moja. Lakini pembeni jina la filamu na namba za fremu zinasomeka vizuri. Ya pili haikubali hata kuingia: inashuka nusu ya upana wake, inasimama, na ukiisukuma inajikunja ukingo.

Maelekezo ya kamera yanasema ulimi wa filamu uwe na urefu wa sentimita 10. Ulimi wa kiwandani ni mfupi sana, nusu yake hata haufiki. Wengine wanasema kukata si lazima, unatumia kadi tu. Sasa kipi ni kipi? Kama ni kukata, unakata upande gani, unaishia wapi, na unajuaje filamu imeshika kabla hujamaliza fremu zote? Au kamera ndiyo mbovu, ipelekwe kwa fundi?

fundi_pazia

Mkuu, usiipeleke kwa fundi bado. Dalili zote mbili zinatokana na ulimi mfupi.

Tuanze na filamu iliyotoka wazi. Zile namba za pembeni huchapwa kwa mwanga kiwandani, na huonekana pale tu filamu inaposafishwa sawasawa. Zikisomeka, dawa ya kusafishia haina kosa. Kilichotokea ni kwamba filamu haikusogea: ilikaa ndani ya kaseti, shata ikafunguka mara 36 mbele ya kipande kilekile cha mwanzo. Ingekuwa hata namba hazionekani, hapo ungeuliza habari za dawa.

Sasa hii inayogoma. Geuza kamera kichwa chini, ondoa kitako, uangalie ndani chini ya taa. Utaona ufa mwembamba ambamo filamu inashuka. Upande mmoja wa ufa kuna bamba la kubana filamu, upande wa pili kuna dirisha la picha, na nyuma ya dirisha kuna pazia za shata. Karibu na spuli ya kupokelea kuna mhimili wenye magurudumu mawili ya meno: moja liko karibu nawe, upande wa kitako, jingine liko kule chini kabisa, upande wa kichwa cha kamera. Hilo la chini ndilo kiini cha tatizo. Filamu ya upana kamili, yaani milimita 35, ikishushwa kutoka juu inagonga meno yale kwa ukingo wake, au inakwama kwenye mdomo wa dirisha. Haina pa kwenda, kwa hiyo inajikunja. Ukizidi kusukuma inachanika, na vipande vyake vinaangukia kwenye shata.

Ulimi mrefu unaondoa tatizo hilo lote. Sehemu inayopita mbele ya dirisha na kwenye meno inakuwa nyembamba, haifiki kule chini, kwa hiyo inashuka bila kugusa kitu. Ukishaanza kuvuta, upana kamili unatoka kwenye kaseti ukiwa tayari umekaa kwenye kimo chake, unayafikia meno yote mawili kwa ubavu, si kwa kuangukia juu yake. Oskar Barnack, mbunifu wa Leica, aliiunda hivyo makusudi: mwili usio na mlango nyuma ni imara na haupitishi mwanga. Leica ilipotoka mwaka 1925 mtu alijaza kaseti yake mwenyewe kwa filamu ya sinema na kukata ulimi kwa kiolezo cha chuma. Kiolezo cha Leitz, watengenezaji wa Leica, kiliitwa ABLON, na bado kinapatikana kwenye masoko ya vitu vya kale, ila bei yake haina uwiano na kazi yenyewe. Mkasi unatosha.

Namna ya kukata:

Vuta filamu itoke kama sentimita 12 kutoka kwenye mdomo wa kaseti, ukihesabu kuanzia ncha ya ulimi. Isizidi hapo, maana kila sentimita ya ziada inakula fremu. Ilaze mezani, upande uliopakwa dawa ya picha juu (ule usiong'aa sana), na ushike kingo tu.

Kata uendeleze mstari uleule wa kiwandani, upande uleule. Usibadilishe upande. Ukiisimamisha kaseti huku kile kichwa cha spuli kinachochomoza kikiwa juu, ulimi unaobaki ni ule wa juu, na sehemu unayoiondoa ni ya chini. Ndivyo itakavyokaa kwenye kamera ikiwa kichwa chini: ulimi upande wa kitako, nafasi tupu upande wa kina.

Hesabu matundu kwenye ukingo unaobaki, kuanzia kwenye ncha. Tundu la 21 ndilo mwisho wako. Endesha mkasi sambamba na ukingo, ulimi ubaki na upana uleule wa kiwandani, na ukikaribia tundu la 21 pinda taratibu kutoka nje kuelekea ukingo wa pili. Hapo ndipo panaitwa bega. Bega liwe mteremko laini, lisiwe kona ya mraba. Na hili ndilo watu wengi wanalikosea: mkasi unapovuka mstari wa matundu, upite katikati ya matundu mawili, usikate tundu. Tundu lililokatwa nusu linaacha ncha mbili kama ndoano, na ndoano hizo ndizo zinazonasa kwenye meno na kumeguka.

Mwisho, kata ncha ya ulimi iwe mraba, kisha punguza kona zake mbili kidogo sana, ili iingie chini ya kibanio cha spuli bila kukwaruza.

matundu_8

Naongezea hesabu kidogo kwa fundi_pazia, kwa sababu watu hupenda kujua hiyo 21 imetoka wapi. Umbali kutoka tundu hadi tundu ni milimita 4.75. Mara 21 ni milimita 99.75, yaani sentimita 10 zako hizo. Fremu moja ya 24 × 36 inachukua matundu 8, milimita 38 pamoja na nafasi ya katikati. Kwa hiyo huhitaji rula, na gizani hesabu ya vidole ni bora kuliko rula.

Kiolezo kizuri kuliko vyote ni ulimi wa filamu uliyokwisha kuisafisha. Ukikata mmoja sawasawa, uhifadhi. Safari ijayo uweke juu ya filamu mpya, matundu yapatane, bana kwa kibanio cha nguo, ufuate ukingo wake kwa mkasi. Matundu yakipatana, bega haliwezi kupita juu ya tundu.

Mkasi uwe mkali na mkavu. Mkasi butu hautengenezi mstari, unatafuna, na ukingo uliotafunwa unaacha vinyuzi. Pitisha kidole kwenye ukingo uliokata: ukisikia kinyuzi, kirudie.

negetivi_moja

Jamani, mbona mnamtesa? Kukata si lazima. Chukua kadi ya plastiki nyembamba, ishushe kati ya bamba la kubana na dirisha la picha, kisha teremsha filamu nzima nyuma ya kadi, yaani upande wa bamba. Kadi inafunika mdomo wa dirisha na kuyapita yale meno, filamu inateleza. Ikishakaa, toa kadi, vuta mara moja uone meno yameshika, funga. Haizidi dakika moja na hakuna mkasi. IIIf nyingi zinajazwa hivyo kila siku.

fundi_pazia

Mkuu negetivi_moja, njia hiyo ipo na inafanya kazi kwa mwenye mkono mzoefu. Lakini huyu ndugu anaanza, na hatari zake ni lazima zitajwe waziwazi.

Kwanza, nyuma ya dirisha kuna pazia la kitambaa chenye mpira, la miaka karibu 70 au zaidi sasa. Kadi ikiingia kwa mshazari, pembe yake inapita kwenye dirisha na kuligusa pazia. Alama ya kucha inatosha kufungua tundu la sindano, na tundu la sindano ni doa jeusi kwenye kila negetivi mpaka ubadilishe pazia. Kubadilisha pazia ni kazi ya kufungua kamera nzima.

Pili, kadi za karatasi ngumu zinachubuka. Nyuzi zake zinabaki kwenye reli za filamu. Kama mtu anang'ang'ania kadi, basi iwe ya plastiki nyororo, pembe zote zikatwe mviringo, na iwe pana kuliko dirisha ili isiweze kupenya.

Tatu, kadi haikuhakikishii yale meno ya kina. Filamu inaweza kuwa imekaa juu ya meno badala ya kushikwa nayo, na kwa sababu ni ya upana kamili, huoni kule chini. Kwa ulimi mrefu unaona kila kitu: meno ya karibu yameingia kwenye matundu au hayajaingia, basi.

Kuna na njia ya tatu inayozunguka: kuondoa lenzi, kuweka shata kwenye B, kuibonyeza ibaki wazi, kisha kuisukuma filamu kwa kidole kupitia dirishani ishuke. Kwa kidole chenye jasho, karibu na pazia mbili na bila kuona. Siipendekezi kwa mtu yeyote.

Kukata ni sekunde 30, na hupotezi fremu. Kipande unachokata kingekuwa kimepigwa na mwanga kwa vyovyote.

negetivi_moja

Nakubaliana kuhusu karatasi, ni plastiki tu. Na kwa anayejifunza, sawa, akate. Kadi nitaiacha kwa siku ambayo uko barabarani na mkasi huna.

mono_tanga

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa kukata, na nimeelewa kwa nini. Sasa naomba hatua za kuingiza zenyewe, na hasa jinsi ya kuhakikisha imeshika. Pia nina roli ya filamu ya mita 30.5 ya kujazia kaseti mwenyewe. Hiyo haina ulimi wa kiwandani wa kufuata.

fundi_pazia

Nakuandikia kwa mpangilio. Safari ya kwanza fanya na filamu iliyoharibika, mara tano au sita, mpaka mikono izoee.

Kaa kivulini, mgongo wako uzuie jua. Kofia ya lenzi iwe imefungwa. Pazia la kitambaa likielekezwa kwenye jua kupitia lenzi linaungua tundu. Kidokezo cha pembeni ya kitufe cha kupigia kiwe kwenye A (kuvuta), si R (kurudisha). Zungusha kifundo cha kuvutia mpaka kisimame, piga, ili meno na shata viwe mahali pamoja.

Geuza kamera kichwa chini, zungusha ufunguo wa kitako, kitoe. Chomoa spuli ya kupokelea kwa kuivuta juu. Chukua ulimi, uingize chini ya kibanio cha spuli mpaka mwisho, na ukingo wenye matundu ukae sambamba na duara la spuli, usiwe mshazari. Ukiwa mshazari hata milimita moja, kila mzunguko unaongeza kosa, na kufikia fremu ya kumi filamu inajisugua kwenye duara la spuli na kuchanika.

Sasa shika kaseti mkono wa kushoto na spuli mkono wa kulia, filamu ikiwa imenyooka kati yake. Urefu wa filamu iliyo nje uwe ule ulimi tu, bega likiwa kama sentimita moja kutoka kwenye mdomo wa kaseti. Ukiacha nje zaidi ya hapo, upana kamili unarudi kukaa mbele ya dirisha na umerudi kwenye tatizo la mwanzo. Shusha kaseti na spuli kwa pamoja, kwa mwendo mmoja, filamu iingie kwenye ufa ikiwa imekazwa kidogo tu. Usitangulize kaseti halafu ukaifuatisha spuli.

Vikishafika chini, angalia meno ya karibu. Matundu hayajapatana nayo? Usisukume kwa ukucha. Zungusha kifundo cha kuvutia kidogo sana, robo ya mzunguko hata chini yake, na filamu itaanguka mahali pake. Kisha vuta taratibu ukiangalia: matundu yaingie kwenye meno moja baada ya jingine, na filamu ibaki bapa bila uvimbe. Uvimbe ukitokea, toa vyote, anza upya.

Ukitaka kujiridhisha zaidi, ondoa lenzi na ufungue shata kwenye B. Utaiona filamu nyuma ya dirisha. Ukingo wake uwe umefunika dirisha lote juu na chini. Hapo ni sehemu inayofuata bega, imeshaharibiwa na mwanga tayari, huna hasara. Angalia kwa macho tu, mkono usiingie.

Rudisha kitako, funga ufunguo mpaka mwisho. Baada ya hapo zungusha kifundo cha kurudishia kwa kufuata mshale, polepole, mpaka usikie upinzani mdogo, uache. Umeondoa ulegevu ndani ya kaseti. Vuta na upige fremu mbili tupu, huku ukikitazama kifundo hicho: kila unapovuta, nacho kizunguke kinyume cha mshale. Fremu mbili ni milimita 76, zinatosha kupitisha sehemu yote iliyoona mwanga. Kisha weka kaunta kwenye 0 kwa mkono, kwa vile vichomozo viwili vidogo vya kisahani chake. Kwenye kamera hii haijirudishi yenyewe.

Kifundo cha kurudishia kisipozunguka, usijipe moyo kwamba kitaanza mbele ya safari. Fungua kitako papo hapo. Umepoteza fremu mbili, hujapoteza 36.

matundu_8

Kuhusu roli ya mita 30.5, mambo mawili.

Upande wa kukata huna wa kufuata, kwa hiyo tumia kanuni aliyoitoa fundi_pazia: kichwa cha spuli kinachochomoza juu, ulimi juu. Kama umeipachika filamu kwenye spuli ya kaseti kinyume, dawa itatazama nje badala ya ndani, na hapo kosa si la mkasi tena. Kagua kabla hujafunga kaseti: filamu ijikunje kuelekea upande wa dawa.

La pili ni gundi. Mwisho wa filamu unabandikwa kwenye spuli ya kaseti kwa utepe wa gundi, na utepe huo upitishwe pande zote mbili, si upande mmoja. Filamu ya dukani imeshikwa kiwandani kwa nguvu. Yako imeshikwa na utepe. Ukifika fremu ya mwisho na ukalazimisha kifundo cha kuvutia, utepe unaachia na filamu yote inahamia spuli ya kupokelea. Hapo hakuna cha kurudisha nyuma. Kamera inafunguliwa ndani ya begi jeusi, filamu inatolewa kwa mkono na kwenda moja kwa moja kwenye tanki au kopo lisilopitisha mwanga. Kwa hiyo jaza fremu 33 au 34, uache tumaini la 36, na kifundo kikiwa kizito acha hapo hapo.

kijani_800

Swali dogo la pembeni kwa wajuzi. Filamu zote zinakatika sawa? Rollei Retro 80S ni ngumu ajabu, haichaniki hata kwa nguvu.

fundi_pazia

Swali lako si dogo mkuu. Dawa ya Retro 80S imepakwa juu ya plastiki ya poliesta. Ya HP5 Plus ya mm 35 iko juu ya asetati, plastiki ya aina nyingine. Asetati ikizidiwa inachanika, na kwa kamera ya zamani huo ni usalama: filamu inaumia, gia zinapona. Poliesta haichaniki, kwa hiyo nguvu yote inaingia kwenye meno na gia. Mwisho wa filamu ya poliesta unavutwa kwa vidole viwili tu, na ukisikia uzito unaacha mara moja.

Kuhusu kukata, kanuni ni ileile, ila mkasi uwe mkali zaidi, na bega liwe laini zaidi kwa sababu ncha ngumu ya poliesta haipindi ikikutana na kitu, inakikwaruza.

Poliesta iliyo wazi pia inapitisha mwanga kwa ndani, kama kioo kinavyofanya ukingoni. Mwanga unaingia kwenye ulimi, unasafiri hadi ndani ya kaseti, na fremu za mwanzo zinafifia. Ijazwe kwenye chumba chenye mwanga hafifu, si kivulini tu, na kaseti irudi kwenye kopo lake mara itolewapo.

pwani_fremu

Kwa walioko Tanga, Mombasa, Dar na Unguja: filamu ikitoka kwenye friji isikatwe hapo hapo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na filamu baridi inavuta umande. Dawa ikilowa inakuwa laini na kunata, alama za vidole zinabaki, na filamu inang'ang'ania bamba la kubana. Iache ndani ya kopo lililofungwa saa moja hadi mbili mpaka ipate joto la chumba, ndipo ufungue. Na vidole vikaushwe kabla ya kushika mkasi.

mono_tanga

Nimejaribu kwa filamu iliyoharibika, imeshuka mara ya kwanza, na kifundo cha kurudishia kinazunguka. Maswali mawili ya mwisho. Kwa ile filamu ya pili iliyojikunja, ukingo wake umemeguka kipande kidogo kama nusu ya tundu, na sikioni. Je, kiko ndani? Na kurudisha filamu mwishoni kuna la kuangalia?

fundi_pazia

Kitafute kabla hujaweka filamu nzuri, na kabla hujapiga shata tena. Kipande cha namna hiyo kikiingia kati ya pazia na reli zake, shata inasimama katikati au pazia linajikunja.

Toa kitako, spuli na lenzi. Shikilia kamera kitako kikitazama chini, gonga mwili kwa kiganja, taratibu, mara kadhaa, juu ya karatasi nyeupe. Mara nyingi kinaanguka chenyewe. Kisipoanguka, mulika kwenye mhimili wa meno, hasa lile gurudumu la kina. Ndipo kinapopenda kujificha. Kikionekana, kitoe kwa kibanio chenye ncha butu. Kisha puliza kwa mpira wa kupulizia vumbi kupitia ufa wa filamu. Usitumie kopo la hewa ya kubanwa, nguvu yake inalisukuma pazia litoke mahali pake. Baada ya hapo vuta shata polepole ukilitazama pazia kupitia tundu la lenzi. Likienda kwa mwendo mmoja, bila kusita, piga kwenye 1/30, kisha kwenye kasi za juu. Likisita, acha, na hapo ndipo panapostahili fundi. Kipande kilichoingia nyuma ya pazia hakitoki bila kufungua ganda.

Na kumbuka, kwenye IIIf kasi inasomwa na kuwekwa baada ya kuvuta. Kisahani cha kasi kinazunguka pamoja na shata, kwa hiyo kabla ya kuvuta, alama haielekei kwenye kasi ya kweli.

Kurudisha: sogeza kidokezo kwenye R, inua kidogo kifundo cha kurudishia ili vidole vipate nafasi, zungusha kwa mshale. Kwenye kitufe cha kupigia kuna kidoti. Filamu ikiwa inarudi, kidoti kinazunguka nayo. Karibu na mwisho utasikia uzito kidogo, hapo ulimi unatoka kwenye kibanio cha spuli. Endelea taratibu, utasikia umeachia, na kidoti kitasimama. Ukitaka ulimi ubaki nje ya kaseti ili kaseti itumike tena, simama hapo hapo. Kwa filamu iliyopigwa ni salama zaidi kuuingiza wote ndani, maana ulimi mrefu namna hii ukiwa nje unafanana kabisa na wa filamu mpya, na ni rahisi kuiweka tena kwenye kamera na kupiga picha juu ya picha.

matundu_8

Neno moja juu ya hilo la kukagua negetivi, kwa sababu litakuonyesha kama umekaza au umelegeza. Picha zikiingia kwenye matundu ya upande mmoja, filamu haikushuka hadi mwisho; safari ijayo isukume kwa upole kwa kidole kwenye ukingo, upande wa kitako, kabla ya kufunga. Fremu zikipandana, matundu yamechanika mahali fulani, kagua ukingo wote kwa kioo cha kukuzia. Mistari mirefu iliyonyooka kwenye filamu nzima ni uchafu kwenye bamba la kubana au kwenye nyuzi za mdomo wa kaseti, si kosa la kukata.

negetivi_moja

Na kwa anayesoma hapa akiwa bado hajanunua: ulimi mrefu ni wa hizi zinazofunguka kitako tu, yaani Leica za skrubu (lenzi yake hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu), Zorki ya kwanza, FED ya kwanza, na Leotax na Nicca nyingi. FED 2 ya mwaka 1955, Zorki 4, Kiev na Contax zinatoka mgongo mzima, na Canon VT ya 1956 ina mlango wa nyuma. Hizo ulimi wa kiwandani unatosha. Leica M3 ya 1954 bado inajazwa kwa chini, ila ina mlango mdogo nyuma unaofunguka juu, unaona filamu na kuiweka sawa kwa kidole, hakuna mkasi.

mono_tanga

Kipande kimeanguka kwenye karatasi, kilikuwa kwenye yale meno ya kina kama ulivyosema. Shata inaenda vizuri kwenye kasi zote. HP5 imekatwa, matundu 21, iko ndani, kifundo kinazunguka, kaunta iko 0. Asanteni wakuu.